Walizila Lini Hizo Pesa?

Kila mwigizaji mkongwe wa runinga anapojitokeza kuomba msaada wa kodi ya nyumba au wa matibabu, nchi nzima hugeuka mhasibu. Hapa Makongeni, Nairobi, hukumu hutolewa kwa kinyozi kabla taarifa ya habari haijaisha. "Huyo alikuwa na pesa huyo. Alizila." Wa pili anaongeza pombe, wa tatu anaongeza wanawake, na anayenyolewa, ambaye hathubutu kutikisa kichwa kwa sababu mashine iko shingoni, anaafiki kwa kuguna. Miaka yote hii sijasikia hata mmoja akiuliza zilikuwa shilingi ngapi, zilitoka mfuko gani, na zililipwa baada ya miezi mingapi.

Imani yenyewe ni hii: mtu aliyeonekana kwenye runinga kwa miaka ishirini au thelathini lazima alitajirika, na ukimkuta maskini uzeeni, basi alijiponza mwenyewe. Nimeisikia kwa wapangaji wenzangu, kwa watangazaji wa redio asubuhi, kwa wahubiri makaburini na kwa wanasiasa wanaokuja kutoa rambirambi. Nasema ni uongo. Nasema pia kwamba ni uongo unaowafaa watu fulani, ndiyo maana hauchakai.

Tuanze na Mzee Ojwang, maana ukimtaja yeye hakuna Mkenya wa rika langu atakayedai hamjui. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, alizaliwa 1937. Mkikuyu huyu alilivaa jina la Ojwang Hatari pamoja na lafudhi ya Kijaluo kwa ufundi mkubwa hivi kwamba watazamaji wengi waliijua asili yake tangazo la kifo lilipotoka. Katika vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani aliwachekesha watu kwa muda wa miongo mitatu hivi. Ukitaka kupima ukubwa wake, kumbuka hali ya runinga ilivyokuwa. Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ikawa KBC, ndiyo iliyokuwa stesheni pekee nchini hadi KTN ilipoingia hewani 1990. Hakukuwa na pa kubadilisha. Mwenye runinga ya Great Wall ya picha nyeusi na nyeupe katika mtaa kama wetu alikuwa na wageni asiowaalika kila wiki: watoto sakafuni, akina mama kwenye kitanda, wanaume mlangoni wakijidai wanapita tu. Mzee Ojwang na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, walikuwa wakigombana ndani ya chumba kile, na sote tulikuwa majirani wao.

Sasa itazame hali hiyohiyo kwa upande wa aliyekuwa akiigiza. Stesheni moja maana yake ni mnunuzi mmoja. Sauti ya Kenya ilikuwa idara ndani ya Wizara ya Habari. KBC kama shirika ilizaliwa 1989 tu. Mchekeshaji aliyeona malipo ni haba hakuwa na stesheni ya pili ya kutishia kuhamia. Bei ya kicheko chake ilipangwa na mnunuzi, mezani kwa mnunuzi, na yeye akatia sahihi. Waigizaji wa vipindi vile hawakuwa watumishi wa kudumu kama msomaji wa habari au fundi wa kamera. Walilipwa kwa kipindi. Kipindi kisiporekodiwa, hakuna kitu. Kikirudiwa mwaka ujao, au miaka kumi baadaye, mwigizaji anakitazama nyumbani kwake kama sisi wengine, na anacheka bure kama sisi.

Mzee huyu macho yalipomsumbua, wasamaria wema walichanga. Alipofariki katika Hospitali Kuu ya Kenyatta tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78, rambirambi zilianzia kwa rais na kushuka. Kila aliyezungumza alisema taifa limepoteza hazina. Sikumsikia mtu akiuliza hazina hiyo ililipwa vipi wakati ilipokuwa hai. Badala yake, wiki hiyohiyo, kwa kinyozi kulekule, nilisikia maneno ya siku zote: mbona hakujijengea? Mbona hakuweka akiba?

Watu wa Makongeni ndio wangekuwa wa mwisho kuuliza swali hilo. Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Ulikuwepo hapa, jirani na Kaloleni na Mbotela, kwa sababu reli ilitaka makuli, mafundi, makarani na walinda stesheni wawe karibu na kazi. Na mwaka 2006, reli ilipokuwa ikikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, ardhi ya Makongeni ilihamishiwa mfuko wa malipo ya uzeeni wa wafanyakazi wa Shirika la Reli. Fikiri juu ya jambo hilo kidogo. Ardhi tuliyoikanyaga, nyumba tulizolipia kodi, vyote viliwekwa kuwa akiba ya uzeeni ya watu waliokuwa wakisukuma mabehewa. Sisi tulilala ndani ya pensheni ya watu. Tukitoka nje tunamcheka mwigizaji kwa kukosa pensheni, kana kwamba pensheni ni tabia njema ambayo mtu huzaliwa nayo.

Nilikuwa na jirani, fundi wa karakana ya reli. Mtu mwema, lakini kinywaji alikipenda, na hakukificha. Mwisho wa mwezi mkewe alikuwa akienda kumngoja langoni kazini ili angalau noti mbili tatu zifike kwa mama mboga kabla hazijafika baa. Baada ya kustaafu alinionyesha karatasi zake za mshahara, alizozitunza katika mkebe wa biskuti uliobonyea upande mmoja. Karatasi nyembamba, zimekuwa rangi ya chai, wino umefifia. Lakini safu ya makato bado ilisomeka: kodi ya serikali, chama cha wafanyakazi, ushirika, pensheni. Pensheni ilikatwa kila mwezi, pamoja na ile miezi ambayo kilichobaki hakikufika nyumbani kabisa.

Alistaafu na kitu. Hakuna aliyemsifu kwa busara ya kuweka akiba, wala hakuistahili sifa hiyo, kwa maana hakuweka. Aliwekewa. Pesa zile zilikatwa kabla mkono wake haujazigusa, na mwajiri akaongeza za kwake juu. Hivyo ndivyo karibu kila mstaafu unayemjua, awe mwalimu, polisi, nesi au karani, alivyofika uzeeni na senti ya kununulia dawa. Walevi wako humo. Wenye wake watatu wako humo. Waliocheza kamari wako humo. Ni wachache mno wanaoweza kukata sehemu ya pesa ya leo, kwa hiari, kila mwezi kwa miaka thelathini, na kuifungia. Nchi ilijua udhaifu huo wa binadamu, ndiyo maana mfuko wa NSSF ukaundwa mwaka 1965 na makato yakawa ya lazima. Lakini sheria ilimwona aliyeajiriwa. Mwigizaji alikuwa kibarua wa kipindi hadi kipindi, na kibarua hakuwa na karatasi yenye safu ya makato.

Sitaki kuipamba reli. Wastaafu wake wamelalamika mara nyingi kuhusu malipo kuchelewa na kuwa kidogo, na wamefika hata mahakamani na barabarani. Mwaka 2025 wakazi wa hapa Makongeni walipoanza kuhamishwa ili kupisha nyumba za bei nafuu za serikali, uchungu ulikuwa mkubwa na maswali yalikuwa mengi. Ila angalia tofauti. Mstaafu wa reli ana mfuko wenye jina, wenye wadhamini, wenye ofisi anayoweza kuipigia kelele. Ana wa kumshtaki. Mwigizaji wa miaka thelathini ataandamana kwenda wapi? Atashika bango mbele ya mlango wa nani?

Najua watakachosema wale wa kwa kinyozi, maana wameniambia. Watanitajia Omosh. Joseph Kinuthia, aliyejulikana kwa jina hilo katika tamthilia ya Tahidi High ya runinga ya Citizen, alijitokeza mapema mwaka 2021 akaeleza kuwa hali imemlemea baada ya kazi kukatika. Wakenya walimchangia kwa moyo, pesa zikatiririka, hata ahadi ya nyumba ikatolewa. Miezi michache baadaye alirudi akisema bado amekwama. Hapo mitandao ikamchana. Yeye mwenyewe alizungumza waziwazi juu ya pombe, na kwa wengi kesi ikafungwa siku hiyo: tulisema sisi, wanazila.

Nalijibu hili bila kulikwepa. Kwanza, hapo kinachohesabiwa ni pesa za mchango. Mchango uliokuja kwa siku chache mwaka 2021 hautuambii lolote kuhusu malipo ya kazi ya miaka yote iliyotangulia. Mtu aliyekuwa na malipo ya haki kwa kazi ya miaka mingi hangefika kwenye kamera kuomba kodi ya nyumba ndani ya mwaka mmoja tangu kazi isimame. Pili, mtu mwenye madeni ya kodi, ya karo na ya duka akipewa kitita, kitita huenda kwa wanaomdai. Tatu, na hili ndilo zito, tuseme kweli alikunywa. Jirani yangu wa karakana pia alikunywa. Mmoja alikuwa na makato, mwingine hakuwa nayo. Ukichukua walevi wawili, mmoja akazeeka na pensheni na mwingine akazeeka na aibu, pombe haiwezi kuwa ndiyo sababu ya tofauti yao.

Niseme jambo kuhusu mikataba, kwa kuwa watu huzungumzia "pesa za runinga" kana kwamba wameziona. Binti mmoja wa mtaani kwetu alipata nafasi katika tamthilia ya stesheni ambayo sitaitaja, akaniletea mkataba wake nimsomee. Ulikuwa kurasa chache. Malipo ni kwa kipindi kitakachorekodiwa na kukubaliwa. Siku ikiahirishwa kwa mvua au kwa umeme kukatika, hailipwi. Nguo ni zake mwenyewe, isipokuwa sare. Nauli ni yake. Malipo yatatoka kati ya siku sitini na tisini baada ya ankara kupokelewa. Halafu mwishoni, kwa herufi ndogo kuliko nyingine zote, kipengele ambacho hata mimi nilikirudia mara mbili: haki zote za uigizaji wake zinahamia kwa stesheni, daima, duniani kote, katika vyombo vilivyopo na vitakavyobuniwa baadaye. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alitia sahihi, na mimi sikumlaumu, kwa sababu nje ya geti kulikuwa na wasichana wengine hamsini walio tayari kutia.

Piga hesabu ya mfano. Tuseme mwigizaji analipwa Sh5,000 kwa kipindi na ana vipindi vinne kwa mwezi. Hizo ni Sh20,000. Toa nauli za kwenda na kurudi, toa nguo, toa nywele, maana mhusika wake ni msichana wa benki na hawezi kuonekana na nywele za wiki tatu. Kumbuka kwamba msimu ukiisha anakaa miezi bila kurekodi. Kisha kumbuka kwamba anatambulika barabarani. Hawezi kupanda matatu kwa amani, hawezi kuuza mitumba Gikomba bila mtu kumpiga picha na kuandika "ameishiwa". Jina lake limemfungia kazi ndogo ndogo ambazo jirani yake asiyejulikana anazifanya bila haya. Umaarufu kwetu una gharama, na gharama hiyo analipa mwenye uso.

Na hapo ndipo penye jambo linaloniuma kuliko yote. Ukiambiwa kwamba ni vigumu kumkatia kibarua akiba ya uzeeni, usikubali. Malipo ya kazi za mkataba nchini hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 na kodi hiyo kupelekwa kwa mamlaka ya kodi, KRA, kabla mlipwaji hajayaona malipo, mradi yamefika kiwango kilichowekwa. Njia ya kukata ipo. Kompyuta zipo. Makarani wapo. Serikali inamwona mwigizaji vizuri kabisa wakati wa kuchukua, na inamtafuta kwa kurunzi wakati wa kuweka. NSSF ina mpango wa Haba Haba kwa wasio na ajira rasmi, ambapo mtu huweka kuanzia Sh25 kwa siku. Ni mpango mzuri, lakini ni wa hiari, na hiari ndiyo ileile tuliyoona jirani yangu hana. Kama makato ya hiari yangetosha, tusingewakata walimu kwa lazima.

Wengine hudhani kwamba wenzetu wa Marekani wana nidhamu ya pesa ambayo wetu wameikosa. Historia inasema jambo jingine. Tarehe 7 Machi 1960 waigizaji wa Hollywood waligoma chini ya chama chao, rais wa chama akiwa Ronald Reagan, yuleyule aliyekuja kuwa rais wa nchi. Walipomaliza mwezi uliofuata walikuwa wamepata mambo mawili: malipo kila filamu mpya inapoonyeshwa kwenye runinga, na dola milioni 2.25 za kuanzishia mfuko wa pensheni na bima ya afya. Waliocheza filamu kabla ya mwaka huo hawakupata malipo hayo ya marudio, na baadhi yao walizeeka wakizitazama sura zao za ujana zikiuzwa na watu wengine. Nyota wale wa kabla ya 1960 hawakuwa wafujaji kuliko waliofuata. Kilichobadilika kati ya kizazi na kizazi ni karatasi iliyotiwa sahihi. Mwaka 2023 waigizaji wa Hollywood waligoma tena kwa siku 118, kuanzia Julai hadi Novemba, na moja ya hoja zao kubwa ilikuwa malipo ya marudio katika huduma za kutazama kwa intaneti. Matajiri gani wale wanaogoma miezi minne kwa ajili ya malipo ya marudio? Ni kwa sababu waigizaji wengi hata huko si matajiri, na wanajua kwamba malipo hayo ndiyo chakula cha miezi isiyo na kazi.

Linganisha watu wawili waliocheza nafasi moja. Joseph Olita, Mkenya wa Siaya, alicheza Idi Amin katika filamu ya Sharad Patel ya mwaka 1981, ikaonyeshwa duniani kote, na akamcheza tena kwa muda mfupi katika Mississippi Masala mwaka 1991. Forest Whitaker alimcheza Amin huyohuyo katika The Last King of Scotland na akapewa Oscar mwaka 2007. Olita alifariki nyumbani kwake Siaya mwaka 2014. Uliza vijana kumi hapa Makongeni wamtaje Amin wa sinema, na watakutajia Mmarekani. Nyuma ya mmoja kulikuwa na chama chenye mfuko, mawakili na kumbukumbu za kila dakika aliyowahi kuonekana. Nyuma ya mwingine kulikuwa na kijiji chake.

Tanzania, angalau kwa mara moja, iliuliza swali lililo sahihi. Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, alikuwa ameigiza tangu utotoni mwishoni mwa miaka ya hamsini. Alipougua mwaka 2018, serikali ilimsaidia kwenda kutibiwa India, na waziri wa habari na sanaa wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii, ikiwamo ya Majuto na ya hayati Steven Kanumba. Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huo. Sisemi kamati ilimaliza dhuluma. Nasema waziri alimwangalia mgonjwa, na swali lililomjia lilihusu mikataba: nani alinufaika na kazi hii, na kwa maandishi gani? Kwetu Kenya mwigizaji akilazwa tunamkagua yeye mwenyewe, ini lake na ndoa yake.

Wale wa kwa kinyozi hunitajia pia Charles Bukeko, Papa Shirandula, kama ushahidi kwamba ukiwa na akili unafaulu. Bukeko alikuwa na akili nyingi kweli. Kuanzia 2007 alimcheza yule mlinzi aliyeificha familia yake kazi anayofanya mjini, akaingia katika tangazo la Coca-Cola lililoonekana nchi nyingi za Afrika, na alipofariki tarehe 18 Julai 2020 nchi ilisimama. Lakini mtu mmoja aliyeongeza matangazo juu ya uigizaji hawezi kuwa kipimo cha wote. Hatumwambii nesi kwamba akitaka kuzeeka vizuri aigize matangazo ya soda.

Nilisema uongo huu unawafaa watu fulani. Unazifaa stesheni, kwa sababu ukiamini kwamba mwigizaji alilipwa vizuri akatapanya, hutauliza kipindi chake kimerudiwa mara ngapi na matangazo ya sabuni yaliyowekwa katikati yake yaliingiza shilingi ngapi. Unaifaa serikali, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mwajiri asiyeajiri. Unazifaa kampuni zinazodhamini, ambazo hupenda sura ya mwigizaji kwenye bango na hazipendi jina lake kwenye orodha ya malipo. Na unatufaa sisi watazamaji, kwa sababu unatuondolea deni. Tulikula kicheko cha Mzee Ojwang miaka thelathini. Ni rahisi zaidi kusema alizila kuliko kusema tulimla.

Harambee nayo imeanza kufanya kazi isiyo yake. Namheshimu kila aliyetuma Sh50 kwa M-Pesa kumsaidia mwigizaji asiyemjua. Wengi wao ni watu wa mitaa kama huu, waliotoa kidogo walichokuwa nacho. Ila mchango ukishatolewa, mtoaji hugeuka bwana. Anataka kujua unakula nini. Anakasirika akikuona umevaa viatu vipya. Fundi wa karakana hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote alivyotumia pensheni yake, kwa sababu ilikuwa yake. Mwigizaji aliyechangiwa hulazimika kujieleza mbele ya kamera mpaka kufa, na hapo ndipo tunapomwita mwenye kelele.

Sheria, kwa bahati nzuri, haituungi mkono katika uzembe huu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mwigizaji haki juu ya uigizaji wake kwa miaka 50 tangu uliporekodiwa. Marekebisho ya 2012 yaliongeza kipengele cha malipo ya haki kazi hizo zinapotumiwa kwa utangazaji, yakikusanywa na chama cha pamoja, na chama cha PRiSK kiliandikishwa kuwasimamia wasanii watendaji, wanamuziki na waigizaji pia. Mwaka huohuo wa 2012 dunia ilikubaliana kuhusu Mkataba wa Beijing wa kulinda uigizaji wa picha na sauti, ulioanza kutumika tarehe 28 Aprili 2020. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba malipo ya marudio ni ndoto ya Hollywood. Yamo katika vitabu vyetu. Kinachokosekana ni mtu wa kudai hesabu, na mtu wa kudai hatatokea tukiendelea kuamini kwamba hakuna kinachodaiwa.

Ninachotaka kinaweza kuanza bila sheria mpya. Kila stesheni inayorekodi tamthilia imkatie mwigizaji NSSF kwenye ankara ileile inayokatiwa kodi, na iongeze sehemu yake. Kipengele cha "daima, duniani kote" kitolewe katika mikataba, au kiwe na bei yake iliyoandikwa. Waigizaji wenyewe, hasa vijana, waache kutia sahihi mmoja mmoja katika vyumba vilivyofungwa. Wale wa 1960 hawakwenda mmoja mmoja.

Na KBC ifungue kabati. Ina kanda za Vitimbi na Vioja Mahakamani, ina kumbukumbu za vipindi vilivyorudiwa, na vipande vyake vinatazamwa kwenye YouTube na watu ambao hawakuwa wamezaliwa vikirekodiwa. Iandike orodha ya majina: nani aliigiza kipindi kipi, kimerudiwa lini, kimeuzwa kwa nani, na ameshalipwa nini. Wengi wa waliomo wamekufa, lakini wana wajane, wana watoto, na wengine wako hai hapa hapa Nairobi, wanapanga vyumba. Kwa hesabu ya miaka 50, kipindi kilichorekodiwa 1986 kina mwenyewe hadi mwisho wa 2036. Muda wa kuwatafuta bado upo.